Mtoto Anasahau: Kosa ni la Nani?

Jioni moja ya mwezi wa pili, baba mmoja wa parokia yetu alinijia nyumbani, akifuatana na mwanawe wa darasa la nne. Mkononi alishika daftari la mtoto. Tulipokwisha kusalimiana na kuketi, alinieleza shida yake bila kuzunguka.

«Mwalimu,» akasema, «mimi sikupata kusoma Kifaransa, nasoma Kiswahili tu. Lakini macho ninayo. Tazama daftari hili: mtoto ameandika kila siku, na mwandiko wake ni mzuri. Jana nilimwonyesha ndoo ya mama yake, nikamwuliza, hii yaitwaje kwa Kifaransa? Akainama, akanyamaza. Kama masomo hayamwingii kichwani, heri aje kunisaidia sokoni, tusizidi kupoteza miaka.»

Mtoto alisimama karibu na mlango, akitazama vidole vya miguu yake. Nilifungua daftari. Katika ukurasa wa mwezi wa kumi nililiona neno lenyewe, seau, limeandikwa mara kumi, mstari chini ya mstari, pasipo kosa hata moja. Chini yake palikuwa na maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe kwa wino mwekundu: «Vizuri sana.»

Nakiri mbele yenu kwamba jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa la kumlaumu mtoto. Nilitaka kusema: ni mvivu, hasikilizi, anacheza mno. Nilikwisha kumwambia hivyo mbele ya wenzake, wala si mara moja. Lakini maneno yale mekundu yalinizuia. Nilimwomba yule baba anivumilie muhula mmoja, asimtoe mtoto shuleni. Walipokwenda zao, nilitwaa kitabu chetu cha masomo na penseli, nikalitafuta neno lile tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Nililikuta katika somo moja tu. Baada ya somo lile kitabu hakikulitaja tena. Nikajaribu maneno mengine ya masomo ya mwanzo. Mengi yalikuwa na bahati ile ile: yaliingia kwa mlango wa mbele na kutokea kwa mlango wa nyuma siku ile ile.

Basi nikajiuliza: mtoto anasahau, kosa ni la nani? Nimesoma na kutafuta, na hapa nataka kuwagawia wazazi, walimu na wanafunzi yale niliyoyapata.

MTAKATIFU AUGUSTINO NA LUGHA MBILI

Swali hili si geni, na mwana mmoja wa Afrika aliliandikia zamani sana. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji uliokuwa katika nchi tuiitayo leo Aljeria. Mama yake, Mtakatifu Monika, twamjua sote. Katika kitabu chake kiitwacho Maungamo anasimulia jinsi alivyojifunza lugha mbili. Kilatini alikipata akiwa mtoto mdogo, kati ya walezi waliombembeleza na watu waliocheza naye. Alitamani kusema yaliyokuwa moyoni mwake, na maneno yakaja. Lakini Kigiriki alifundishwa shuleni kwa vitisho na adhabu, akakichukia.

Augustino alikuwa mtu mwenye akili kupita kiasi. Alikuwa mwalimu wa ufasaha, askofu wa Hippo, na mmojawapo wa Walimu wa Kanisa. Hata hivyo Kigiriki chake hakikufikia kamwe Kilatini chake. Je, tuthubutu kusema kwamba alikuwa mvivu? Akili ilikuwa ile ile moja. Njia za kufundishwa ndizo zilizokuwa mbali.

Katika sehemu ya kumi ya kitabu hicho hicho anaistaajabia kumbukumbu ya mwanadamu. Anaifananisha na jumba kubwa lenye hazina nyingi. Vitu vingine vilivyowekwa humo huja mara tu viitwapo. Vingine yabidi kuvitafuta kwanza, kana kwamba vimefichwa chumba cha ndani zaidi. Shikeni mfano huo, maana tutaurudia.

MTU ALIYEJIPIMA MWENYEWE

Karne nyingi zilipita kabla ya mtu kujaribu kuipima kumbukumbu kwa hesabu. Aliyefanya hivyo ni Mjerumani, Hermann Ebbinghaus. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, ili maana isimsaidie kukumbuka. Akazipanga katika safu, akajifunza kila safu mpaka aweze kuitamka yote pasipo kosa. Kisha aliiacha kwa muda, akajifunza tena, akihesabu ni kazi kiasi gani ameokoa kwa kuwa aliwahi kuijua. Majibu yake aliyachapisha mwaka 1885.

Aliyoyaona yanatisha kidogo. Baada ya saa moja, kazi aliyookoa haikufika hata nusu. Baada ya siku moja ilikuwa kama theluthi tu. Baada ya mwezi mzima ilikuwa kama sehemu moja ya tano. Yaani usahaulifu hauendi mwendo mmoja. Mwanzoni hukimbia mbio sana, halafu hupunguza mwendo. Neno tulilomfundisha mtoto saa nne asubuhi, laanza kumponyoka kabla hajafika nyumbani kula chakula. Wala si dhambi yake, wala si ugonjwa. Ndivyo alivyo kila mtu mwenye kichwa.

Lakini Ebbinghaus aliona na dawa. Safu moja ya silabi aliirudia mara 68 mfululizo siku moja, na kesho yake akapima faida. Safu nyingine aliirudia mara 38 tu, lakini mara hizo alizigawa katika siku tatu. Faida ya zile 38 zilizogawanywa haikupungukiwa na faida ya zile 68 zilizorundikwa. Basi, mtoto wetu na neno lake seau aliloliandika mara kumi mfululizo! Kama tungaligawa mara hizo kumi katika siku mbalimbali, bila kuongeza hata tone la wino, angalivuna zaidi.

Wazee wetu wa misioni walilijua jambo hili kwa mazoea. Kanuni za masomo za Wajesuiti, zilizotolewa mwaka 1599, ziliamuru marudio ya kila siku, na siku ya Jumamosi kuyarudia masomo ya juma zima. Tena tutazame nyumbani kwetu. Ni mtoto gani Mkristo anayesahau sala ya Baba Yetu? Je, aliijua kwa kuinakili mara kumi siku moja? La, hasha. Aliisali asubuhi, akaisali jioni, akaisali Dominika pamoja na wote, na kesho akaanza tena. Yaliyorudiwa hivyo yanakaa mpaka uzee.

MANENO YA KISWAHILI HUKO MAREKANI

Sasa nitawasimulia uchunguzi mmoja unaotugusa sisi zaidi ya watu wengine, kwa sababu ulifanywa kwa lugha yetu. Huko Marekani, katika mji wa St. Louis, kiko Chuo Kikuu cha Washington. Wataalamu wawili, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, waliwapa wanafunzi wao maneno 40 ya Kiswahili wajifunze pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Wanafunzi hao hawakukijua Kiswahili kabisa, ndiyo maana lugha yetu ilifaa kwa kazi hiyo. Mojawapo la maneno hayo lilikuwa mashua, neno ambalo mtoto wa Uvira au wa Kalemie hulijua kabla hajaota meno yote.

Wanafunzi wote walisoma maneno, kisha wakaulizwa, mpaka kila neno wamelijibu vizuri walau mara moja. Hapo ndipo tofauti ilipoanza. Wengine, hata baada ya kulijibu neno vizuri, waliendelea kuulizwa neno lile tena na tena. Wengine hawakuulizwa tena neno walilokwisha kulijibu. Waliendelea kulisoma tu, macho yakipita juu ya neno na maana yake. Mwishoni wote walionekana sawa: wote wamejua. Wakaulizwa, «Baada ya juma moja mtakumbuka mangapi?» Makundi yote yalikisia sawa, karibu nusu ya maneno.

Juma moja likapita, wakapimwa. Walioendelea kuulizwa walikumbuka kama 80 katika kila 100, yaani karibu maneno 32 katika yale 40. Wale walioendelea kusoma tu bila kuulizwa walikumbuka 36 katika kila 100, yaani maneno 14 hivi. Na ajabu kubwa ndiyo hii: kulisoma neno tena na tena, baada ya kulijua mara moja, kuliongeza faida ndogo sana. Faida ilitoka katika kuulizwa. Habari hizi zilichapishwa mwaka 2008.

Kumbukeni sasa lile jumba la Mtakatifu Augustino. Mtoto anaponakili neno kutoka ubaoni, neno liko mbele ya macho yake, hana haja ya kuingia ndani kulitafuta. Mkono wafanya kazi, akili yalala. Lakini umwulizapo, «Hii yaitwaje?», hulazimika kuingia jumbani, kupapasa gizani, kulishika neno na kulitoa nje. Kila atokapo nalo, njia ile yazidi kufunguka. Ni kama njia ya msituni: haifunguki kwa kuitazama ukiwa barazani, hufunguka kwa miguu ya wapitao.

Mbona basi sisi walimu tunadanganyika? Wataalamu hao hao walionyesha sababu yake mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Wengine waliisoma mara mbili. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kutazama kitabu. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walishinda. Lakini waliopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka 42 katika kila 100, na wale waliojiuliza walikumbuka 56. Basi mwalimu apimaye mwisho wa somo lile lile hupima zile dakika tano. Huona kazi nzuri, huandika «Vizuri sana» kwa wino mwekundu, na hajui kwamba anasifia nyumba ya udongo kabla mvua haijanyesha.

JAMAA MOJA NA MANENO 300

Labda mtu atasema: hayo ni ya juma moja tu, twataka mtoto akumbuke miaka. Yuko aliyeijibu hoja hiyo, tena pamoja na jamaa yake. Harry Bahrick, mtaalamu wa Marekani, mkewe na binti zao wawili walikubaliana kujifunza kila mmoja maneno 300 ya lugha ya kigeni. Maneno mengine waliyarudia kila baada ya siku 14, mengine kila baada ya siku 28, mengine kila baada ya siku 56. Kisha waliacha, wakajipima kwa nyakati mbalimbali mpaka miaka mitano. Majibu yao yalitokea mwaka 1993.

Waliona kwamba maneno yaliyorudiwa mara 13 tu, lakini kwa nafasi ya siku 56, yalikumbukwa karibu sawa na yale yaliyorudiwa mara 26 kwa nafasi ya siku 14. Ni nusu ya kazi kwa mavuno yale yale. Lakini siwafichi jambo moja: nafasi ndefu ilikuwa ngumu zaidi mwanzoni. Walisahau mengi kati ya kikao na kikao, ikabidi wayatafute kwa jasho. Mkulima haoni ajabu. Mbegu hailiwi siku ipandwayo.

Mimi nimependa hasa kwamba walikuwa baba, mama na watoto. Elimu kubwa haikuona haya kukaa nyumbani.

VITABU PEKE YAKE HAVITOSHI

Wengine husema dawa ni vitabu: tuletewe vitabu vingi, watoto watajua. Vitabu ni vya lazima kweli, na pasipo kitabu mwalimu ni kama mvuvi asiye na wavu. Lakini wavu nao una macho yake. Ukikosea ukubwa wa macho, samaki hupita.

Nchi jirani ya Kenya yatufundisha. Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya, shule 25 za msingi zilipewa vitabu, na wachunguzi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakazilinganisha na shule zisizopewa. Kila mtu alitazamia watoto wote wapande. Haikuwa hivyo. Waliopanda ni wale waliokuwa wa kwanza tangu zamani. Wengine walibaki pale pale. Sababu ilikuwa nini? Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, nacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Wengi hawakuweza kuvisoma. Akili haiwezi kurudia kisichoeleweka.

Miaka mingi baadaye, Kenya ileile ilianza kazi nyingine. Kwanza walijaribu njia zao katika shule chache, wakapima, wakatengeneza. Kisha, mwaka 2015, wakaanzisha mpango ulioitwa Tusome katika shule za serikali zaidi ya 23,000. Kila mtoto wa madarasa ya kwanza alipewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo. Na maafisa wa elimu walimtembelea darasani kumsaidia. Masomo yalikwenda hatua kwa hatua, kidogo kidogo. Watoto walipopimwa baadaye, walionekana kusoma vizuri zaidi kuliko waliowatangulia. Vitabu vya kwanza na vya pili vyote vilikuwa vya karatasi na wino. Tofauti ni kwamba waliotengeneza vya pili walimtazama kwanza mtoto jinsi ajifunzavyo.

Kwetu Kongo, sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mahali nafasi yake shuleni pamoja na Kifaransa. Kiswahili ni mojawapo la lugha nne za taifa. Basi tusiogope kumweleza mtoto neno la Kifaransa kwa Kiswahili anachokielewa. Lugha ya mama ni daraja, wala si kizuizi.

KULITENGENEZA SOMO UPYA

Wapendwa walimu wenzangu, wengi wetu hatuna uwezo wa kuchapa vitabu vipya. Lakini kila mmoja ana penseli. Haya ndiyo niliyoyafanya kwa kitabu chetu, nanyi mwaweza kuyafanya.

Kwanza, nilipunguza. Somo lililotoa maneno mapya kumi na mawili, nilichagua sita au saba ambayo mtoto atayahitaji kweli: vitu vya nyumbani, vya shamba, vya njiani, vya kanisani. Mengine yatakuja kwa zamu yake. Mtungi mdogo hujazwa kwa kata, haujazwi kwa mto.

Pili, niliandika marejeo. Pembeni mwa kila somo niliandika kwa penseli maneno ya zamani yatakayorudi siku hiyo. Neno la leo nalirudisha kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya juma, tena baada ya mwezi. Dakika kumi za kwanza za kila somo ni za maneno hayo ya zamani. Wakaguzi wataona kwamba twaenda polepole. Waacheni waone, twende polepole tufike.

Tatu, niligeuza kunakili kuwe kuulizwa. Zamani niliandika neno ubaoni, nao wakaliandika mara kumi. Sasa naonyesha kitu chenyewe au picha, ubao ukiwa mtupu. Kila mmoja anaandika jibu lake, hata akiwa na shaka. Kisha naandika neno ubaoni, kila mmoja anajisahihisha mara moja. Mtoto asiachwe alale na kosa lake, maana kosa nalo hukaa.

Nne, na hili ni kubwa, niliondoa hofu katika maswali hayo. Hayana alama, hayana fimbo, hayana kicheko. Mtoto anayeogopa hatafuti neno, hutafuta mlango wa kutokea. Augustino alituonya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Tano, maneno yasikae peke yake. Neno seau lirudi ndani ya sentensi: mama anabeba ndoo, ndoo imejaa, ndoo iko wapi? Mtu hasemi maneno kama anayehesabu punje za mahindi. Husema ili aeleweke. Kukumbuka maneno si kujua lugha yote. Lakini pasipo maneno yaliyo tayari mdomoni, hakuna mazungumzo yawezayo kuanza.

SANDUKU LA NYUMBANI

Nanyi akina baba na mama, msidhani kazi hii ni ya shule tu. Mwaka 1972 mwandishi mmoja wa habari wa lugha ya Kijerumani, Sebastian Leitner, alieleza njia rahisi ya kujifunza kwa sanduku lenye vyumba vitano. Mwaweza kulitengeneza kwa katoni tupu ya sabuni.

Kateni vikaratasi vigumu vilivyo sawa. Upande mmoja mtoto anaandika neno la Kiswahili au anachora kitu. Upande wa pili anaandika neno la Kifaransa. Vikaratasi vyote vipya vinakaa chumba cha kwanza. Kila jioni, mzazi anaonyesha upande wa Kiswahili, mtoto anajibu, kisha wanageuza kutazama. Akijibu vizuri, kikaratasi kinasogea chumba kinachofuata. Akikosa, kinarudi chumba cha kwanza, pasipo makaripio. Chumba cha kwanza kinaulizwa kila siku; cha pili kila baada ya siku mbili; cha tatu mara moja kwa juma; cha nne kila baada ya majuma mawili; cha tano mara moja kwa mwezi. Hivyo maneno magumu huulizwa mara nyingi, maneno mepesi hayapotezi wakati.

Mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kabisa kazi hii, kwa kuwa jibu limeandikwa nyuma. Na mama asiyejua kusoma asijione yuko nje. Jioni, akimenya mihogo, amwulize mwanawe: «Kisu chaitwaje? Na kile ulichoniambia juzi?» Mtoto atamtazama usoni, atatafuta, atajibu. Akikosa, kesho yake mama amtake alete jibu kutoka shuleni, wala asisahau kumwuliza. Kitabu kizuri kuliko vyote hakiwezi kumshinda mama aulizaye kila jioni.

MWISHO WA HABARI

Yule baba alinivumilia muhula ule kama nilivyomwomba. Nilimtengenezea mtoto vikaratasi vya kwanza, baba mwenyewe akatengeneza sanduku. Aliniambia kwamba juma la kwanza mtoto alikosa mengi, hata akataka kuacha. Nilimjibu kwamba shida ile ndiyo kazi yenyewe, asimhurumie kwa kumwonyesha jibu upesi.

Siwaambii kwamba amekuwa wa kwanza darasani. Hakuwa wa kwanza. Lakini mwisho wa muhula, nilipopita kwao, nilimkuta akitoka kisimani pamoja na baba yake. Baba akaweka mzigo chini, akaonyesha kwa kidole, akamtazama mwanawe bila kusema neno. «Le seau,» akajibu mtoto, «et le seau est plein.» Ndoo imejaa. Sentensi ile mimi sikuwa nimemwambia ainakili. Aliitoa mwenyewe jumbani mwake. Naye yuko shuleni hata sasa.

Jumatatu yake nilisema darasani, mbele ya wenzake wale wale waliosikia nilipomwita mvivu, kwamba nilikosa. Nililiona tendo hilo gumu kuliko kuandika somo jipya. Lakini yampasa mwalimu Mkristo kuwarudishia watoto jina jema alilowanyang'anya kwa haraka yake.

Wapendwa wasomaji, Mungu ndiye aliyeziumba akili za watoto wetu, akazipa na kanuni zake, kama alivyoupa mvua msimu na mbegu udongo. Mkulima hamlaumu Muumba kwa kuwa mbegu yataka maji zaidi ya mara moja. Huchukua ndoo yake, akarudi kisimani. Kabla ya kumwambia mtoto «hujui kitu», tujiulize kwanza: nimemrudishia mara ngapi? Nimemwuliza lini? Naye ameelewa nini?

Leo jioni, kabla ya sala ya usiku, kila mzazi amwulize mwanawe neno moja la juma lililopita. Kisha asubiri. Asimharakishe.